Maji Yamepita Wapi Kabla ya Kufika Kwenye Ndoo

(Hotuba niliyoitoa Dodoma wakati wa Wiki ya Maji, mbele ya wajumbe wa vyombo vya maji vya vijiji, walimu wa sayansi na wananchi waliofika. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.)

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, ndugu zangu, walimu, habari za asubuhi.

Wazee wa Kigogo wanasimulia kwamba jina la mji huu limetokana na neno "idodomya", yaani amezama. Tembo alikuja kunywa maji kijitoni, akakanyaga tope, likamvuta, akapotea machoni pa watu. Hadithi hiyo nimeisikia mara nyingi tangu nihamie hapa, na kila nikiisikia najiuliza jambo ambalo msimuliaji halisemi: akishazama, alikwenda wapi? Mifupa iliishia wapi, mafuta yake yakawa nini, na aliyechimba kisima jirani miaka mingi baadaye alikunywa nini?

Msinishangae. Kazi yangu ni kufuatilia vitu vilivyozama. Nazunguka na chupa za sampuli kwenye visima, makorongo na mabwawa, na karibu kila ninapofika nakutana na neno lile lile: kimekwisha. Choo kilijaa tukakifukia, kimekwisha. Oili chafu ilimwagwa nyuma ya gereji, ardhi ikainywa, imekwisha. Dawa ya kuoshea ng'ombe tuliimwaga korongoni, mvua ikaja ikaondoka nayo. Leo nataka tuifuate safari ya vitu hivyo pale ambapo macho yetu yameishia.

Tuanze na hiki kilichopo mezani. Hii ni chupa ya plastiki niliyoikata kitako na kuipindua, mdomo chini. Ndani nimejaza mchanga wa korongo uliochanganywa na konzi mbili za udongo mweusi wa mbugani. Saa 2 asubuhi, kabla hamjaketi, nilimimina humo maji yenye vitu viwili: kijiko cha chumvi ya mezani, na matone machache ya GV, ile dawa ya zambarau tunayowapaka watoto mdomoni. Mnaona maji yaliyobaki kwenye jagi hili yalivyo, zambarau tupu. Sasa tazameni yanayodondoka kwenye glasi chini ya chupa.

Mama uliyekaa mbele, karibu. Yana rangi gani?

"Hayana rangi, mwanangu. Meupe kabisa."

Ungeyakuta kisimani ungeyanywa?

"Ningeyanywa, kwa nini nisiyanywe?"

Naomba usiyanywe, maana yamepita kwenye udongo wa korongo. Badala ya ulimi tutatumia hiki kipimo, kinasoma wingi wa chumvi iliyoyeyuka. Kichovye kwenye jagi, utusomee. Sasa kichovye kwenye glasi.

Wote mmesikia: namba mbili alizotusomea mama karibu zinalingana. Udongo umeishika rangi yote, chumvi imepita kama vile hapakuwa na udongo. Na jicho, ambalo ndilo tunalolitegemea kila siku kisimani, limetuambia maji haya ni safi.

Kwa nini kimoja kimeshikwa na kingine kimeachiwa? Chembe za mfinyanzi zina chaji hasi juu yake. Rangi ya GV ina chaji chanya, kwa hiyo inang'ang'ania udongo kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Sehemu ya chumvi iitwayo kloridi ina chaji hasi kama udongo wenyewe, haina pa kushika, inakwenda kwa mwendo wa maji. Mkilishika hilo moja mmeshika nusu ya ninayotaka kusema. Nusu ya pili ni kwamba kitu hakibaki kilivyo kikiwa njiani. Kinageuka sura, na kikigeuka sura kinageuka mwendo.

Mfano ninaoujali kuliko yote uko kwenye kila kiwanja cha mji huu. Ni mkojo.

Mkojo ukiingia shimoni, bakteria huugeuza upesi kuwa amonia, ndiyo ile harufu inayochoma pua. Amonia ikiwa kwenye maji mara nyingi hubeba chaji chanya. Kwa hiyo mfinyanzi unaishika, kama ulivyoishika rangi hii. Kama mambo yangeishia hapo, tungekuwa na walinzi chini ya miguu yetu. Lakini udongo wa Dodoma ni mkavu sehemu kubwa ya mwaka, una nafasi za hewa, na penye hewa kuna bakteria wengine. Hao wanaichukua amonia, wanaiunganisha na oksijeni, inakuwa nitriti, kisha nitrati. Nitrati ina chaji hasi. Mlinzi aliyekuwa ameshika mkono wa mtu anajikuta ameshika hewa. Nitrati inaondoka na tone la kwanza litakaloshuka.

Haina rangi, haina harufu, na kwa viwango vya visimani haina ladha. Na hapa nawaomba mama zangu mnisikilize vizuri sana: kuchemsha hakuiondoi. Kuchemsha kunaua wadudu wa kipindupindu na wa kuhara, na tuendelee kuchemsha. Lakini nitrati haifi kwa moto kwa sababu haina uhai. Maji yanapungua sufuriani kwa mvuke, nitrati inabaki ile ile, kwa hiyo kila glasi inakuwa na nyingi kuliko mwanzo. Mtoto mchanga wa chini ya miezi 6 akikorogewa maziwa ya kopo kwa maji ya namna hiyo, nitrati inageuka nitriti tumboni, nitriti inaingia kwenye damu na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni. Vitabu vimeandika kwamba mtoto anageuka rangi ya bluu. Kwa watoto wetu weusi usisubiri kuona bluu kwenye ngozi. Tazama midomo, fizi na kucha. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 50 za nitrati kwa lita, na ukomo huo umewekwa kwa kumwangalia mtoto huyo.

Nilipohamia Dodoma nilipanga chumba kwenye nyumba yenye kisima chake. Maji yalikuwa maangavu, baridi, mwenye nyumba akijivunia na majirani wakija na madumu. Nilikunywa maji yale zaidi ya mwaka mmoja, mimi ambaye kazi yangu ni kupima maji ya wengine. Siku moja nilibakiwa na chupa moja, nikaijaza pale nyumbani ili nisirudi na chupa tupu maabara. Nitrati ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ukomo. Niliporudi nilipiga hatua kutoka kisimani hadi kwenye karo: hatua 40. Fundi alikuwa amefuata kanuni tunayoifundisha sote, mita 30 kati ya choo na kisima. Lakini karo lile lilichimbwa mpaka kwenye jiwe, na jiwe lenyewe limepasuka.

Hiyo kanuni ya mita 30 inahitaji maelezo ambayo mara nyingi hatuwapi watu. Mwaka 1856 mhandisi Mfaransa, Henry Darcy, aliyekuwa ameujengea mji wake wa Dijon mfumo wa maji, alichapisha majaribio ya kupitisha maji kwenye mchanga. Alionyesha kwamba kiasi kinachopita kinategemea mambo mawili: maji yanasukumwa kwa nguvu kiasi gani, na kile yanachopitia kinayaruhusu kiasi gani. Mfinyanzi mzito wa mbugani unaweza kuyaruhusu maji sentimita chache tu kwa mwaka. Mchanga unayaruhusu mbali zaidi. Na granaiti iliyopasuka, ambayo ndiyo iliyo chini ya sehemu kubwa ya mji huu, inaweza kuyapitisha makumi ya mita kwa siku pale mpasuko unapofunguka. Bakteria wengi wa kinyesi hufa wakikawia ardhini wiki kadhaa. Kwa hiyo mita 30 za mchanga mwembamba ni ulinzi kwa bakteria. Mita 30 za mpasuko ni mlango. Na kwa nitrati, ambayo haifi kwa kukawia, umbali peke yake haukupi kinga hiyo.

Kitu kimoja kinaweza kuimaliza nitrati: bakteria wa mahali pasipo na hewa. Penye tope lenye majani na mizizi inayooza, oksijeni ikishaisha, bakteria wanaanza kupumua nitrati badala yake na kuigeuza kuwa gesi ya naitrojeni, ile ile iliyojaa kwenye hewa tunayovuta. Hapo imeondoka kweli. Ndiyo maana tope la kingo za kijito linalonuka, ambalo watu wanataka lisafishwe lionekane la kupendeza, mimi huwa nalitetea. Linafanya kazi.

Tunajuaje kama nitrati imemalizwa hivyo, au imechanganyika tu na maji mengine ikawa haba? Tunamuuliza shahidi. Shahidi wetu ni kloridi, maana mkojo wenyewe una chumvi, na kloridi ikiwa njiani haigeuki wala hailiwi na bakteria. Vikipungua vyote viwili kwa pamoja kutoka karoni hadi kisimani, maji yamechanganyika. Ikipungua nitrati peke yake huku kloridi imebaki, kuna aliyeila. Walimu, hilo ni zoezi zuri kwa kidato cha 3, linataka namba mbili na akili ya kuuliza.

Sasa liweke hilo kwenye ukubwa wa mji. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Dodoma mjini na watu zaidi ya 410,000. Sensa ya 2022 ikawakuta zaidi ya 765,000. Serikali imehamia, viwanja vimepimwa kila upande, na wengi wetu tuliojenga hatujafikiwa na bomba la majitaka. Tumechimba karo, tukafunika kwa zege, tukamaliza. Wakati huo huo aliyekosa maji ya bomba amechimba kisima kwenye kiwanja hicho hicho, kwa sababu hana kingine. Simlaumu. Familia lazima inywe. Ila lazima tuseme wazi kwamba mji unakunywa na unajisaidia kwenye mwamba mmoja.

Na mvua yetu ina tabia yake. Dodoma hupata wastani wa chini kidogo ya milimita 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, huku jua likiwa na uwezo wa kuvukiza zaidi ya milimita 2,000. Miaka mingi mvua inalowesha udongo wa juu, jua linaichukua tena, chini haifiki kitu cha maana. Visima vya Makutupora, kaskazini ya mji, ambavyo vimeinywesha Dodoma kwa miongo mingi, vina kumbukumbu za kina cha maji tangu miaka ya 1950. Wataalamu waliozisoma kumbukumbu hizo wameonyesha kwamba mwamba ule haujazwi kidogo kidogo kila mwaka. Unajazwa kwa mafungu, katika misimu michache ya mvua kubwa, na msimu wa El Niño wa 1997 hadi 1998 ni miongoni mwa iliyoujaza sana. Miaka ya katikati tunachota akiba.

Wengi wakisikia hivyo wanafurahia mvua kubwa, na mimi pia nafurahi. Ila fikirini kile kilichokuwa kikisubiri. Katika miaka mikavu nitrati ya vyoo, ya mazizi na ya mbolea inarundikana kwenye udongo mkavu ulio kati ya shimo na maji. Haiendi popote kwa sababu hakuna cha kuibeba. Mvua ya kujaza mwamba ikija, inausukuma mzigo wa miaka kadhaa kwa mkupuo. Kwa hiyo kisima kilichopimwa Novemba kikaonekana kizuri hakijapimwa bado. Kama kijiji chenu kina fedha za kupima mara 2 tu, mkapime mara moja mwisho wa kiangazi na mara moja wiki chache baada ya mvua kubwa kukatika.

Nitoke kwenye nitrati, nisije nikawachosha na mkojo.

Kuna jambo mmeliona nyumbani. Unachota maji kisima kirefu jioni, maangavu kama kioo. Asubuhi unafunua ndoo, unakuta juu kuna utando unaong'aa kama mafuta, na chini kumetuama unga wa rangi ya kutu. Watu wanasema kisima kimeharibika au mtu ametia kitu. Kilichotokea ni chuma kukutana na hewa. Kule chini pasipo na oksijeni chuma kinayeyuka na kutembea na maji. Kikifika kwenye ndoo kinapata oksijeni, kinaganda, kinakuwa kutu. Utando ule ukiugusa kwa kijiti ukavunjika vipande kama ganda la yai, ni chuma na bakteria wake; ukijikusanya tena upesi na kuziba pengo, hapo ndipo ushuku mafuta ya kweli.

Kutu hiyo ina maana kubwa kuliko madoa kwenye mashati meupe. Ardhini inashika vitu vingi juu yake: arseniki ambayo ni sumu, fosfeti inayolisha mimea, metali nzito. Ikiwa na hewa inavishika vizuri. Hewa ikiisha, bakteria wanaiyeyusha kutu, na vyote ilivyokuwa imevishika vinaachiwa majini kwa pamoja. Huko Bangladesh, kuanzia miaka ya 1970, mamilioni ya visima vya bomba vilichimbwa ili watu waache kunywa maji machafu ya mabwawa. Nia ilikuwa njema na watoto wengi waliokolewa na kuhara. Katika miaka ya 1990 ikagundulika kwamba mengi ya maji yale yalikuwa na arseniki, na aliyeiachia ni mwenendo huu huu wa kutu kuyeyuka kwenye mashapo ya mito yenye mabaki ya mimea. Hakuna aliyemwaga sumu pale. Ilikuwepo, imeshikwa, mpaka mazingira yake yalipobadilika.

Tope la bwawa nalo lina mambo hayo hayo. Bwawa la Hombolo lilijengwa mwaka 1957, na tangu hapo kila mafuriko yanaliongezea tabaka. Shaba ya mrututu na dawa nyingine zenye shaba tunazopulizia mizabibu haipendi kusafiri kwenye maji ya ardhini. Inang'ang'ania mboji na mfinyanzi wa shamba. Husafiri pale shamba lenyewe linaposafiri, yaani mvua inapouchukua udongo wa juu na kuupeleka bondeni. Fosfeti vile vile. Ikifika bwawani inatulia chini imeshikwa na kutu, mpaka maji ya chini yakose hewa wakati wa joto, iachiwe, na bwawa ligeuke kijani. Mkulima anayetengeneza matuta na kuacha ukanda wa nyasi pembeni ya korongo anawazuilia shaba na fosfeti watu ambao hatakutana nao. Zebaki ya wachimbaji wadogo wa dhahabu inafuata njia hiyo ya tope pia, na kwake kugeuka ndiko kubaya zaidi, kwa sababu bakteria wa topeni pasipo hewa wanaigeuza kuwa zebaki ya methili, inayoingia kwenye mwili wa samaki mdogo, kisha mkubwa, kisha mtu. Watu wa Minamata, Japani, waliofahamika kuugua kuanzia mwaka 1956, waliipata kwa kula samaki.

Sasa twende Bahi, maana nimewaona watu wa Bahi wamekaa pale nyuma.

Maji ya mji wa Dodoma, yale machache yanayotiririka, yanaelekea mashariki: Kinyasungwe, halafu Mkondoa, halafu Wami, mpaka Bahari ya Hindi. Yana pa kutokea. Maji ya mto Bubu yanashuka kutoka kaskazini yanaingia mbuga ya Bahi, na hapo ndiyo mwisho wa safari. Bahi haina mlango wa kutokea ila juu, kwa jua. Na jua linabeba maji peke yake. Kila kilichoyeyuka kwenye miamba ya njiani kinaachwa.

Mama zetu wa Ugogo waliijua kemia hiyo kabla ya maabara yoyote. Wanakwangua udongo mweupe wa juu wakati wa kiangazi, wanautia kwenye chujio, wanamimina maji taratibu. Yanayodondoka yamebeba chumvi na kuacha udongo. Kisha yanachemshwa mpaka yakauke, inabaki chumvi. Chupa hii yangu ya mezani ni chujio lao tu, nimeliazima. Mmoja wao, ambaye nilimkuta jioni akikoleza moto, aliniambia anajua udongo wa kukwangua kwa kuukanyaga pekupeku: mzuri unavunjika kama mkate mkavu chini ya unyayo. Nilivua viatu nikajaribu. Unavunjika hivyo hivyo.

Kwenye mashapo ya Bahi na ya Manyoni kuna pia urani, madini yenye mionzi, na najua imeleta maneno mengi na hofu. Niwaeleze inavyotembea, ili hofu iwe na mahali pa kukaa. Urani kiasi kidogo imo kwenye granaiti za huku kwetu. Maji yenye oksijeni na magadi magadi, ndiyo kusema yenye kaboneti, yanaiyeyusha na kutembea nayo. Ikifika mbugani, maji yakivukizwa au yakiingia kwenye tope lenye mimea inayooza na lisilo na hewa, inageuka sura, inakuwa haiyeyuki, inakaa. Ndivyo ilivyokusanyika kwa maelfu ya miaka. Ikiwa imekaa hivyo kwenye tope, haiwi ndani ya maji kwa wingi. Tope hilo likifukuliwa, likaanikwa likapata hewa, kisha maji yenye kaboneti yakapita juu yake, inaweza kuyeyuka tena na kuanza safari upya. Kwa hiyo mtu akiwaambia "urani ipo toka zamani, haina neno," amesema nusu. Muulizeni: na ikichimbuliwa, maji yatakayopita humo yatakwenda wapi, na nani atayapima, mara ngapi? Ukomo wa Shirika la Afya Duniani ni maikrogramu 30 kwa lita. Kipimo hicho kinafanyika maabara, mna haki ya kukidai kwa kisima chenu.

Floraidi mnaifahamu ninyi wenye ndugu Singida, mmeona meno yenye madoa ya kahawia. Inatoka kwenye miamba yenyewe, bila kosa la mtu. Kalisi, ile iliyomo kwenye chokaa, ndiyo inayoizuia: penye kalisi nyingi majini floraidi haiwezi kuzidi sana, inaganda nayo. Maji yakikaa muda mrefu ardhini yakapoteza kalisi na kujaa sodiamu, floraidi inapanda. Ndiyo sababu maji laini, yale ambayo sabuni inatoa povu zuri na kila mtu anayafurahia, huku kwetu nayashuku kwanza. Tanzania iliruhusu miligramu 8 kwa lita kwa miaka mingi, kwa sababu sehemu nyingine hapakuwa na maji mengine, wakati ukomo wa kimataifa ni 1.5. Kituo cha Ngurdoto kule Arusha kimefanya kazi ya kuichuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mfupa unaipenda floraidi, na kwa sababu hiyo hiyo jino la mtoto linaipenda. Tunachofanya ni kuipa mfupa wa ng'ombe iushike kabla haijafika kwenye wetu.

Nilitaka kuishia hapo, lakini mzee huyu amenyosha mkono mara ya tatu. Mzee wangu, karibu.

"Mwanangu, kwangu kuna kisima cha zamani, alichimba baba yangu. Kimekauka. Watoto wanatupia taka humo. Kuna neno?"

Lipo, mzee, na umefanya vizuri kuuliza. Udongo wote niliousifia leo, ule unaoshika rangi, ule wenye bakteria wanaokula nitrati, unafanya kazi kwa sababu maji yanapita ndani yake polepole. Kisima kilichoachwa wazi ni tundu lililotobolewa katikati ya chujio. Taka ikitupwa humo inaruka udongo wote. Mwaka wa mvua kubwa maji yatapanda kutoka chini, yataikuta, na kisima cha jirani yako kinachotumia maji ya mwamba huo huo kitaipata. Kwanza taka zitolewe, zote, hata kama ni kazi ya siku 2. Kisha kijazwe mchanga safi na changarawe mpaka karibu na juu, halafu mita za mwisho zishindiliwe mfinyanzi wa mbugani uliolowa, tabaka kwa tabaka, na juu uinuliwe kama kichuguu ili maji ya mvua yakimbie pembeni. Kabla ya kujaza, nipe nafasi nishushe chupa moja kama kuna maji yoyote chini, na nichukue nyingine kwa jirani.

Mzee amekubali. Jumamosi saa 1 asubuhi, kabla jua halijawa kali. Wenye makoleo waje nayo.